Violoni Zilisema Papa Amelala

Masisi, tarehe 3 mwezi wa tano

Papa yangu mupenzi,

Mutoto wangu Igira ametoka kuniibia mwiko sasa hivi. Nilikuwa nasonga bugali, nikaiweka chini kidogo tu nifunge kitambaa ya kichwa, kumbe yeye alikuwa anangojea. Amekaa mbele ya nyungu, amepiga mara moja, amesikiliza. Amepiga tena, ameweka sikio pale, kama muntu anabisha mulango na anangoja wamuambie ingia. Nimecheka mpaka bugali imeungua. Njo nikasema, leo nitamuandikia papa, ata kama angali na kasirani.

Kwa hiyo, papa, umeamuka je? Ile goti yako, mvua ikinyesha bado inakusumbua? Mihogo imetoka muzuri? Huku kwetu tunashukuru Mungu. Bwana yangu Dusabimana anaendesha moto yake, ile pikipiki, kati ya Masisi na Mweso, njia ni matope mpaka ku magoti, lakini anarudi. Maziwa iko, maharagi iko. Mutoto anatembea, lakini mbele ya kutembea alianza kucheza. Anashika kiti, anatikisa matako, anaanguka, anakasirikia kiti.

Sasa nisikilize. Kuna orkestra imetoka Goma, imefika huku. Siyo ile ya bar, ya gitare na mikro. Ni vijana na violoni, kile kinanda kidogo wanafinya chini ya kidevu na kukwaruza na fimbo. Kuna ingine kubwa sana, muntu anaikumbatia kama muke wake. Hawataki kupiga ndani ya salle. Wanapiga pa parking ya moto, wanapiga ku soko, juzi walipiga mbele ya ofisi ya teritware, ile ya serikali, na musoda, askari wa pale, akasahau kupandisha bendera. Shef wao ni mwanamuke, Joséphine-Marie, mufupi, mikono mirefu. Nilimuuliza, "Dada, juu ya nini munapiga pa njia, pahali mbuzi zinapita?" Akanijibu, "Mbuzi pia iko na masikio."

Na kazi yao ni hii: kila pahali wanafika, wanaomba watu wawaonyeshe muchezo ya kwao. Muntu anacheza, wao wanaangalia miguu yake, wanaandika ku karatasi, kisha unapita pale siku ingine unasikia miguu yako ndani ya violoni. Watu wa milima walionyesha ule muchezo wa kunyoosha mikono juu kama pembe za ngombe. Mama mukwe yangu alicheza! Yeye ambaye ata kanisani hatikisike.

Nikauliza, na kwetu mu pori? Nani ataleta ya kwetu? Joséphine-Marie akasema, "Leta wewe."

Papa, ninakumbuka moja. Nilikuwa mudogo, ku mugongo ya nyanya. Watu walijaa, nyama ilikuwa mingi, na wewe ulikuwa unapiga ile ngoma ya muti, ile haina ngozi, ambayo inasikilikana mpaka ng'ambo ya mto. Inaanza pole pole, inasimama, inarudi. Nimeipiga na vidole ku meza na Igira akaacha titi aangalie. Ni muchezo gani ile? Miguu inaenda namna gani? Niandikie. Ao muzuri kupita: kuya mwenyewe. Mutoto hajaona babu yake ata siku moja, na mimi sijakuona tangu ile mambo ya ngombe.

Barua ninamupa Karangwa, ule wa lori, anashusha fromage, jibini ya huku, kwenu na kupanda na mafuta ya ngazi, mawese.

Binti yako,
Mamy, Mama Igira


Walikale, tarehe 16 mwezi wa tano

Kwa binti yangu Mamy,

Katekista Védaste njo anaandika, mimi nasema. Goti iko palepale, haina kazi ingine. Mihogo imetoka, nguruwe za pori zimekula sehemu yao, sisi tunakula yetu. Musalimie bwana yako. Anaendesha pole pole?

Unaniambia nipande kwenu. Mamy, ulisahau? Siku ya mahari niliomba wakwe zako mbuzi. Mbuzi anajua pori. Wao wakanishushia ngombe. Mu pori yetu ngombe atakula nini? Alikula migomba ya jirani, akaogopa radi, akaingia kanisani siku ya kipaimara na kulala mbele ya altare. Kisha akakufa na ugonjwa ya nzi, na jirani akanipeleka mbele ya chefu. Mpaka leo watu wananiita Mukwe wa Ngombe. Na hakuna muntu mumoja wa milima alishuka kuniambia pole. (Hapa papa yako alisema neno ingine juu ya wakwe zako. Mimi sikuiandika. Védaste.)

Kwa hiyo mimi sipandi. Tena kule kwenu miti ni michache, muntu akitaka kujisaidia anajificha wapi?

Lakini ile ngoma uko unapiga ku meza, acha kwanza. Usipatie wageni mbele mimi sijakueleza. Fikiri muzuri: ikiisha kusimama mara ya kwanza, inarudi na mukono ya kuume ao ya kushoto? Kama ni ya kushoto, mutoto wangu, ile siyo ya kucheza. Ngojea nikuambie.

Mutoto ametoa meno ngapi?

Papa yako

(Mama Igira, mvua imekata njia na Karangwa hajaonekana. Barua italala hapa ku paruasi, ku kanisa, mpaka apite. Védaste.)


Masisi, tarehe 24 mwezi wa tano

Papa mupenzi,

Nakusalimia na mikono yote mbili, mutoto pia anakusalimia, ametia wino ku kidole na ile alama hapo juu ni yake. Sijapata jibu yako. Dusabimana ananiambia malori yamelala mu matope huko chini, njo najua haiko roho mubaya. Goti imepunguza?

Papa, sikuweza kungoja. Orkestra ilikuwa karibu kuendelea na safari, na Joséphine-Marie kila asubui alikuwa anapita ku mulango, "Mama Igira, ile ya pori iko wapi?" Nikampigia ku beseni. Aliniomba nirudilie mpaka vidole vikauma. Hakuuliza ni ya nini. Mimi nikamuambia ni ya furaha, juu kile ninakumbuka ni nyama, na watu wengi, na mugongo ya nyanya.

Walipiga siku ya soko, katikati, kati ya maharagi na viatu. Kijana mumoja alipiga ku ubao ya kile kinanda kikubwa, kama ngoma yetu kabisa, halafu violoni zikaingia chini, pole, kama ukungu inapanda. Mwili yangu yote ilisimama. Nilikusikia wewe, papa. Nilisikia mikono yako.

Sasa nikuelezee jambo ambalo halinitoke mu kichwa. Watu wa milima walifurahi kupita kipimo. Mama mukwe na pembe zake juu, vijana wa moto wanaruka, ata muuza viatu anacheza na kiatu kimoja ku mukono. Lakini wale mama wa kwetu, wenye kuuza mafuta ya ngazi, walikaa chini. Wote. Wakavuta kitambaa ku macho. Nusu ya soko inaruka, nusu ingine imekaa ku udongo! Kijana mumoja wa Walikale alikuwa anajaza mafuta mu moto yake, akaacha pompu, akawasha, akaenda na njia ya kwenu bila kugeuka.

Nilifikiri hawakupenda. Nikamufuata mama moja, nikamuuliza, "Mama, imeharibika wapi?" Akanishika shavu. Akaniambia, "Pole, mwana yangu. Na wewe njo unaileta mwenyewe, uko na nguvu." Nikasema asante. Nguvu ya nini, papa? Tangu siku ile wananipa mafuta bure na hawataki nicheke.

Wewe unajua kila kitu ya ngoma. Niambie.

Binti yako mwenye kuuliza sana,
Mama Igira


Walikale, tarehe 2 mwezi wa sita

Mamy,

Niko muzima. Naanza na hiyo mbele ya salamu, juu huku hakuna muntu anataka kuisadiki.

Nilikuwa mu shamba. Narudi, nakuta kiwanja imejaa. Wanawake wanalia, wanaume wamewasha moto, kuna mbuzi amefungwa, kuna watu walitembea kutoka ng'ambo ya mto. Nikatupa mihogo chini na mimi nikaanza kulia. Nilifikiri ni Védaste. (Ni kweli. Alilia sana. Védaste.) Wakaniona. Mwanamuke mumoja akaangusha mutoto. Nikauliza, "Nani amekufa?" Mudogo wangu akanitazama, akasema, "Wewe."

Kijana wa moto alileta habari, na habari ilikuwa sawasawa. Sikiliza sasa. Ngoma ya muti haichezeshi tu, inasema. Kila mukubwa wa nyumba iko na jina yake ku ngoma, na mukubwa akikufa, jina inaingia kwa mutoto wake wa kwanza. Ile ulisikia ku mugongo ya nyanya ni siku ya babu yako. Mimi njo nilipiga. Nilisema: *Ule anavuka mto bila kuuliza, amelala.* Ile nyama ilikuwa ya matanga. Na siku ile jina yake ikawa yangu. Kwa hiyo violoni zenu zilisimama katikati ya soko ya Masisi na kutangaza kwamba mimi nimekufa, na tena zilitangaza muzuri, kijana anasema hakuna mahali walikosea.

Nilikuandikia ungojee. Barua ilikuwa inalala ku paruasi. Sikukasirikie tena. Nilikasirika siku moja, ikaisha.

Lakini shida njo hii. Muntu akitangazwa ku ngoma, hatumurudishi na mudomo. Watu wananiona, wananisalimia haraka haraka kama unavyosalimia muntu uliyeota. Ku baraza ya wanaume wamegeuza kiti yangu uso ku ukuta. Nyama ya mutego ikigawiwa, yangu inaenda kwa mudogo wangu. Hawanichukii. Ni vile inafanyika.

Kumurudisha ni njia moja tu. Anapashwa kufika pale alitangazwa, palepale, mbele ya watu walewale. Ngoma inamuita tena na jina yake. Kisha inanyamaza, na yeye anajibu na mukono yake mwenyewe. Kama ameitwa na hajajibu, basi ni kweli alilala.

Pale ni Masisi. Mbele ya mama mukwe yako na watu wa ngombe. Nimekuambia mimi sipandi. Nitakaa hivi. Maiti hailipe kodi.

Ule mutoto akicheza, anaanza na muguu gani?

Papa yako

(Mama Igira, sasa ametoka inje, ninaandika yangu. Anacheka mbele ya watu lakini hakuli. Mutoto wa mudogo wake anaoa mwisho wa mwezi huu. Papa yako njo alipashwa kushika mukono ya bibi harusi na kumuingiza mu nyumba. Wamemuambia mukono yake haiwezi tena, wamechagua mwengine. Usimuambie kama nilikuandikia. Védaste.)


Masisi, tarehe 11 mwezi wa sita

Papa, wewe uliye muzima,

Nakuandikia hivyo na nitakuandikia hivyo kila mara mpaka uchoke. Umekula leo? Kula, nakuomba. Sisi wote wazima, mutoto alikuwa na homa ya meno, imepita.

Nililia nikisoma. Kisha nilifika pale ulilia Védaste, nikacheka, kisha nikalia tena, na Dusabimana akachukua barua ku mukono yangu aone ni ugonjwa gani hii. Alisoma akisimama. Akatoka, akaosha moto yake, kila vis, kila skrubu. Yeye akiwa na mawazo anaosha moto.

Nilikimbia kwa Joséphine-Marie. Walikuwa wanafunga vyombo, wanaenda Mweso kupiga mbele ya hopitali. Nilifikiri atacheka, ni muntu wa masomo. Alikaa juu ya sanduku ya kinanda kikubwa. "Mama Igira," akaniuliza, "tumeua muntu na violoni?" Nikasema njo, tumeua. Kisha unajua aliniuliza nini? "Akijibu, anajibu kwa muda gani? Tumuachie nafasi kiasi gani?" Nikasema sijui. Akachukua kalamu, mahali ngoma inasimama akafuta yote ya nyuma, akaacha karatasi nyeupe mpaka chini. Akasema, "Hapa hakuna muntu atapiga. Hapa ni pake."

Mimi sikujua muziki inaweza kuandika muntu ambaye hajafika.

Watarudi Masisi siku ya soko, ile ya tarehe 27. Wale mama wa mafuta nimewaambia, wamesema watakuwa pale, walewale wote. Wameacha kunipa mafuta bure, ni alama muzuri.

Na mama mukwe. Nilimusomea ile sehemu ya ngombe ku barua yako ya kwanza, ile ilichelewa, papa, unisamehe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mpaka mbele ya altare?" Nikasema mbele ya altare. Aliingia mu nyumba, akakaa, akatoka. Neno yake nakuandikia vile alisema: "Muambie muzee, sisi hatukujua. Huku muntu ukimupenda unamupa ngombe. Tulimupa ule mwenye maziwa mingi. Muambie pole ya ngombe na pole ya jirani. Siku atakuya, ngombe zote zitapanda juu ya kilima, hataona ata mukia. Nitamupikia mihogo, ata kama sijui namna gani." Alikuwa na mbegu ya machozi ku macho. Sijamuona hivyo.

Dusabimana atashuka na moto mpaka pale njia inaishia. Atakungoja pale. Hatakuita, hatakusukuma. Atakaa tu.

Papa, mimi sikuombe uje juu ya violoni. Sikuombe ata juu yangu. Lakini ile harusi, nimeisikia ku soko, nani atashika mukono ya bibi harusi kama wewe? Mimi uliponishika mukono nikivuka mto, sikuogopa ata kidogo. Nataka Igira ajue ile mukono.

Anaanza na muguu ya kushoto. Halafu anageuka kuangalia kama tumeona.

Binti yako,
Mamy


Masisi, ku soko, tarehe 27 mwezi wa sita

Papa mupenzi,

Salamu ya leo ni ya haraka, niko naandika juu ya sanduku ya tomati, Igira ananishika kikwembe, nguo ya kiuno. Kama karatasi hii iko na madoa ni tomati, siyo machozi. Unaendelea je? Sina habari yako. Dusabimana alishuka juzi na telefone yake haipite. Karangwa alifika asubui na mafuta, nikamuuliza kama alikuona njiani, akasema hakuona muntu, lakini Karangwa akilala mu lori haoni ata daraja.

Nakuandikia ujue tulifanya vile ulisema. Orkestra iko pale pale, kati ya maharagi na viatu. Watu ni walewale, muuza viatu pia. Mama wa mafuta wamekaa chini tangu mbele, kitambaa ku macho. Mama mukwe amesimama nyuma yao, mikono chini.

Walipiga mara ya kwanza. Ikaita jina yako, ikasimama. Joséphine-Marie alishika mikono yake juu, wote wakanyamaza, fimbo za violoni juu. Papa, sijasikia soko inanyamaza hivyo. Mbuzi moja ikalia, vijana wakacheka, mama mumoja akawaambia, "Nyamazeni, hapa tunangojea muntu." Tuliendelea kungoja. Hakuna.

Joséphine-Marie akasema, "Tutarudilia."

Mara ya pili vilevile. Mikono juu, na ile nafasi nyeupe. Mikono yake ilichoka na hakuishusha. Nilikuwa nahesabu pumuzi ya Igira, nikaacha. Kisha muntu nyuma akasema, "Basi, alilala kweli," pole pole, siyo na ubaya. Wengine wameanza kufunga vitu, mvua inakuya toka upande ya Ngungu.

Mimi sijui tena niandike nini. Kama hukukuya sitakulaumu. Goti ni goti, njia ni ile unajua. Nataka tu ujue kwamba sisi tulikuita muzuri, na nafasi yako hakuna muntu aliikalia. Na ile neno ya muntu wa nyuma mimi siisadiki. Karangwa akishuka nitamupa barua hii, na nitakuandikia ingine, na ingine, mpaka

Ngoja. Joséphine-Marie anasema mara ya mwisho mbele ya mvua. Wameanza. Ubao ile inaita, violoni zinapanda chini yake. Inafika. Inasimama.

Mikono yote juu.

Papa, kuna kitu kinapiga. Siyo wao, nawaona wote, hakuna mumoja anagusa kitu. Inatoka upande ya parking ya moto. Ni muti, siyo ubao, ni muti mwenyewe, pole pole, kama muntu amechoka sana na anatafuta nafasi yake. Mama wa mafuta wametoa vitambaa. Mumoja amesimama. Wote wamesimama. Igira ameachilia kikwembe yangu, anaenda peke yake kati ya maharagi, na ninamusikia Dusabimana anaita jina yangu juu ya watu, "Mama Igira! Kuya! Kuya na mutoto!" anasema muzee iko anapiga na mukono moja tu, ile ingine ameinyoosha mbele, chini, kimo ya mutoto, hataki kuirudisha, anasema hii ingine ni ya